Shabiki akate tiketi ya ndege kabla ya droo au asubiri filimbi?

KWASHEMSHI hakuna uwanja wa ndege. Kuna mashamba ya mkonge, kuna bodaboda za kushuka Korogwe mjini na kuna mabanda umiza ambako usiku wa Desemba 30, 2025 hakuna aliyekaa chini. Feisal Salum 'Fei Toto' alipoisawazishia Taifa Stars dhidi ya Tunisia na mpira ukaisha 1-1, hesabu zilipigwa palepale: pointi mbili, nafasi ya tatu Kundi C, mabao matatu ya kufunga. Angola nao walikuwa na pointi mbili na tofauti ileile ya mabao, lakini wao walifunga mawili tu. Stars ikaingia 16 Bora ya AFCON kwa mara ya kwanza katika historia yake, tena bila kushinda mechi hata moja.

Baada ya shangwe, swali likawa moja. Kumbe Stars inacheza na Morocco Januari 4 palepale Rabat. Nani anaenda?

Siku tano. Hizo ndizo zilizokuwepo kati ya filimbi ya mwisho ya mechi ya Tunisia na filimbi ya kwanza ya mechi ya Morocco. Kwa shabiki wa Korogwe au Handeni, siku moja inaliwa na barabara kabla hajaiona ndege, na Mwaka Mpya uko katikati. Nauli ya ndege kipindi hicho iko juu kuliko karibu wakati wowote wa mwaka. Ambaye hakuwa amejipanga mapema alibaki kwenye banda umiza, akaiona Stars ikitoka kwa bao 1-0 la Brahim Diaz, na labda akajifariji kwamba bora hela imebaki.

Lakini je, aliyejipanga mapema alifanya hesabu sahihi? Hapo ndipo mjadala wa vijiweni huwa unakwenda kombo, maana wengi wanaamini jibu ni moja tu: wahi ununue. Kwa safari ya harusi, ni kweli. Kwa safari ya mpira, wakati mwingine ni kweli na wakati mwingine ni kutupa hela.

NAULI INAPANDAJE

Kwanza lazima ieleweke kwamba ndani ya ndege moja hakuna bei moja. Viti vya daraja la kawaida vinafanana kila kitu, lakini shirika limevigawa kwenye mafungu ya nauli. Fungu la chini lina viti vichache na masharti magumu. Vikiisha hivyo, mfumo unahamia fungu linalofuata, kisha jingine. Ndiyo maana mtu wa kiti cha 27A anaweza kuwa amelipa nusu ya alicholipa wa 27B, na wote wanakula chakula kilekile.

Kwa hiyo nauli haipandi kwa sababu tu siku zinasogea. Inapanda kwa sababu viti vya bei poa vinaisha, na kwa sababu shirika linajua kwamba anayenunua siku za mwisho huwa hana ujanja. Mashirika mengi huanza kuuza viti takriban miezi 11 kabla ya siku ya safari. Juu ya hapo kuna mafuta, ambayo hula kati ya robo na theluthi ya gharama za kuendesha shirika la ndege. Mafuta yakipanda, kila fungu linapanda, hata lile la chini.

Halafu kuna dola. Tiketi za kimataifa zinapangwa kwa dola hata ukilipa kwa shilingi kwa wakala. Mwaka 2025 dola moja ilifika karibu Sh2,700 miezi ya mwanzoni, ikashuka chini ya Sh2,500 kufikia Oktoba. Maana yake tiketi ya dola 900, kama ingebaki na bei hiyohiyo ya dola, ilikuwa inatofautiana kwa karibu Sh180,000 kutegemea mwezi ulionunua. Hiyo ni hela ya basi kwenda na kurudi Dar na gesti juu.

Na zile stori kwamba ukinunua Jumanne usiku wa manane unapata bei ya bure, zisipotezewe muda. Kinachosaidia ni siku unayosafiri. Ndege za katikati ya wiki mara nyingi ni nafuu kuliko za Ijumaa na Jumapili. Saa ya kubonyeza simu haina uchawi.

KUNDI NI JAMBO MOJA, MTOANO NI JINGINE

Droo ya AFCON 2025 ilichezeshwa Rabat Januari 27, 2025. Kuanzia hapo Stars ilishajua kwamba iko na Nigeria, Tunisia na Uganda, na michuano inaanza Desemba 21. Mechi zake tatu zikawa Desemba 23 na Nigeria pale Fes, Desemba 27 na Uganda, Desemba 30 na Tunisia, hizi mbili zote Rabat. Shabiki alikuwa na karibu miezi 11 ya kujipanga. Mechi za makundi hazifutwi kwa sababu timu imefungwa. Hata Stars ilipolala 2-1 mbele ya Nigeria, mechi ya Uganda ilikuwepo vilevile.

Kwa safari kama hiyo hakuna sababu ya kusubiri Novemba. Na hapa watu wa Kwashemshi wana bahati ambayo hawaisemi. Mahindi ya masika Tanga huvunwa kuelekea katikati ya mwaka, kwa hiyo Agosti ndipo hela ya mazao inapokuwa mkononi. Agosti mpaka mwishoni mwa Desemba ni miezi minne na ushee, wakati mzuri kabisa wa kukata tiketi ya masafa marefu. Tatizo ni kwamba Agosti hiyohiyo ina ada, ina bati, ina mambo ya shughuli za ukoo. Mpira unakumbukwa Desemba wakati hela imeshaisha.

Kuna kikwazo kingine ambacho shabiki mwenye haraka anaweza kukisahau. Morocco walitaka kila mtazamaji awe na Fan ID kupitia programu ya Yalla, na kwa wanaohitaji viza, njia ilikuwa hiyohiyo. Mtu aliyekata tiketi ya ndege isiyorudishwa hela kabla hajapata kitambulisho hicho alikuwa anacheza kamari. Utaratibu wa busara ni kuhakikisha mlango wa nchi uko wazi kwanza, au basi ununue tiketi inayokubali kubadilishwa.

Mtoano ni habari nyingine kabisa. Kwenye mtoano tarehe inajulikana lakini timu yako haijulikani kama itakuwepo.

Angalia Simba msimu wa 2024/25 Kombe la Shirikisho. Aprili 9, 2025 ilimtoa Al Masry kwa penalti Kwa Mkapa baada ya kupindua kipigo cha 2-0 cha Misri. Nusu fainali ikamfunga Stellenbosch 1-0 Amaan Aprili 20, ikaenda kutoka 0-0 Durban Aprili 27. Fainali ya kwanza ilikuwa Berkane, Morocco, Mei 17. Kwa hiyo kutoka robo fainali mpaka mechi ya Durban kulikuwa na siku 18. Kutoka Durban mpaka Berkane, siku 20.

Yanga nao yaliwakuta hayohayo 2023. Walimaliza kazi kwa Marumo Gallants kule Afrika Kusini Mei 17, na Juni 3 walikuwa wanatakiwa Algiers kwa marudiano ya fainali na USM Alger. Siku 17. Mwaka ule Serikali ilitoa ndege, na mashabiki wakapata nafasi humo. Yanga ilishinda 1-0 ugenini ikakosa kombe kwa bao la ugenini, lakini waliokwenda walikwenda bila kuumiza kichwa na mafungu ya nauli. Huwezi kupanga maisha kwa kutegemea ndege ya Serikali kila msimu.

Siku 17 mpaka 20 ndiyo dirisha la kawaida la shabiki wa klabu kwenye hatua za mwisho za CAF. Ushauri wa kununua miezi mitatu kabla haumhusu. Swali lake ni jingine: anunue sasa kabla timu haijafuzu, au asubiri afuzu alipie zaidi?

HESABU YA KIJIWENI

Tuseme nauli ya kwenda na kurudi leo ni Sh2 milioni, na tuseme timu ikifuzu nauli itakuwa Sh2.8 milioni. Namba hizi ni za mfano tu. Ukinunua leo na timu ikatolewa, hela imekwenda. Kwa tiketi za bei ya chini kinachorudi mara nyingi ni baadhi ya kodi tu. Ukisubiri na timu ikatolewa, hujapoteza kitu. Ukisubiri na timu ikafuzu, umeongeza laki nane.

Gawa bei ya leo kwa bei ya baadaye: 2 kwa 2.8 ni kama 0.71. Hiyo ndiyo mstari wako. Kama unaamini kweli, bila ushabiki, kwamba timu ina zaidi ya nafasi 7 kati ya 10 ya kufuzu, nunua leo. Kama ni chini ya hapo, tulia. Kama unaona ni nusu kwa nusu, basi bei ya baadaye lazima iwe zaidi ya mara mbili ya leo ndipo kuwahi kuwe na faida.

Shida ni hilo neno 'bila ushabiki'. Muulize mtu wa Msimbazi Aprili 20 jioni, Simba imeshinda 1-0 na inaenda Durban. Atakwambia tisa kati ya kumi. Ukweli ni kwamba bao moja la nyumbani si mtaji mkubwa, na Durban ilimalizika 0-0 kwa presha. Upande wa pili Berkane alikuwa ameshampiga Constantine 4-0, kwa hiyo safari ya Morocco ilikuwa inanukia. Hata hivyo ilibaki wiki moja tu kupata uhakika. Kununua siku 27 kabla au siku 20 kabla kunaweza kuleta tofauti, lakini si tofauti ya kufikia mara mbili kwa kawaida. Aliyesubiri Durban iishe ndipo akalipa, alifanya jambo la akili zaidi kuliko aliyewahi, hata kama wote walifika Berkane na wote waliona timu ikilala 2-0.

Na kama hela ya kuwahi ni ya kukopa, mstari unahama. Mei ni kipindi cha masika, mahindi bado yako shambani, na wengi wanakimbilia vikoba. Tuseme mkopo una riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Tiketi ya Sh2 milioni ukiirudisha baada ya miezi mitatu imekuwa Sh2.6 milioni. Sehemu kubwa ya faida ya kuwahi imeliwa na riba. Hapo hakuna tena mjadala wa kuwahi.

UWANJA UKIHAMA JE?

Kuna hatari ambayo haimo kwenye hesabu ile, nayo inaumiza zaidi kwa sababu haitokani na mpira. Marudiano ya fainali ile ya Simba na Berkane hayakuchezwa Kwa Mkapa kama wengi walivyotarajia. Yalipelekwa Amaan, Zanzibar, Mei 25, yakaisha 1-1. Uwanja wa kuingiza watu takriban 60,000 ukabadilishwa na wa kuingiza kama 15,000, na kati yao kuna bahari.

Aliyekuwa ameshalipia basi la Korogwe kwenda Dar akajikuta anahitaji boti au ndege ya kuvuka, na wakati huohuo maelfu wengine wanahitaji kitu hichohicho. Kwa mtu wa Kwashemshi kulikuwa pia na njia ya kushuka Tanga mjini, ambako ndege ndogo huruka kwenda Pemba na Unguja. Lakini ndege yenye viti 12 au 13 si ya kutegemea wiki ya fainali. Fungu la bei ya chini linaisha kabla hata hujamaliza kusema 'Ubaya Ubwela'.

Na hata nyumbani kwenyewe, Machi 8, 2025 haijasahaulika. Dabi ya Kariakoo ilikuwa jioni, mashabiki wa mikoani walishapanda mabasi tangu siku ya nyuma, wengine wako Dar tayari, na siku hiyohiyo ya mchezo Bodi ya Ligi ikatangaza kuahirisha baada ya sakata la Simba kudai kuzuiwa kufanya mazoezi Kwa Mkapa. Ikapangwa Juni 15, ikasogea tena, ikachezwa Juni 25 na Yanga ikashinda 2-0. Mtu aliyesafiri kutoka Korogwe au Handeni mara mbili aliliona pambano moja. Nauli ya basi hupangiwa ukomo na LATRA kwa kilomita, kwa hiyo hasara yake ilikuwa na kikomo. Ya ndege haina ukomo wa aina hiyo. Aliyepaa kutoka Mwanza au Mbeya alilia zaidi.

Ndiyo maana tiketi ya bei ya chini kabisa si lazima iwe ya bei rahisi kwa shabiki. Tiketi inayokubali kubadilishwa tarehe inagharimu zaidi siku ya kununua, lakini kwenye soka letu ratiba ni kitu cha kupumua. Kabla ya kulipa, aulizwe wakala maswali mawili tu: kubadilisha tarehe ni shilingi ngapi, na je, nitalipa pia tofauti ya nauli? Swali la pili ndilo linalowanasa watu. Faini ya kubadilisha inaweza kuwa ndogo, kumbe tofauti ya nauli ndiyo mzigo wenyewe, kwa sababu fungu ulilonunua limeshaisha.

Chukua aliyepanga kurudi Desemba 31 kwa kuamini Stars inaishia makundi. Kwa rekodi ya nyuma hakukosea, maana Stars ilikuwa haijawahi kuvuka. Lakini kurudi Januari 6 pengine kungemgharimu nyongeza kidogo tu kama angenunua hivyo tangu Agosti, wakati kubadilisha usiku ule wa Desemba 30 ni bei ya kukata na shoka. Kwa AFCON, tarehe ya kwenda ifuate mechi ya kwanza na tarehe ya kurudi iwekwe baada ya 16 Bora. Ikitolewa mapema, mtu atakaa siku chache Rabat akiangalia timu nyingine. Kuna adhabu mbaya zaidi ya hiyo.

Jambo jingine dogo lenye maumivu: ukiikosa ndege ya kwenda bila kutoa taarifa, mara nyingi na ile ya kurudi inafutwa. Wapo wanaodhani watatumia nusu iliyobaki. Haipo.

TAWI LINAWEZA KUFANYA KITU

Mashabiki wetu hawasafiri mmojammoja, wanasafiri kama tawi. Hapo kuna hasara na kuna faida.

Hasara ni hii. Watu sita mkitafuta tiketi kwa pamoja na fungu la bei nafuu limebaki na viti vinne, mfumo kwa kawaida unawapandisha wote sita kwenye fungu la juu. Dawa yake ni kuangalia kwanza bei ya mtu mmoja, kisha wawili, kisha wanne. Mkiona imeruka, mnajua viti vya bei poa vimeishia wapi, mnagawana.

Faida ni kwamba mkifika 10 au zaidi, mashirika mengi yana utaratibu wa kundi. Mnalipa malipo ya awali, viti vinashikiliwa, na majina ya wasafiri yanaletwa baadaye. Kwa mpira hii ni dhahabu, kwa sababu anayeshindwa kwenda anabadilishwa na mwenzake kabla majina hayajafungwa. Kinachopotea kama timu imetolewa ni kile cha awali, si nauli nzima. Baadhi ya mashirika pia yanakuruhusu kushikilia bei kwa siku mbili au tatu kwa ada ndogo hata ukiwa peke yako. Siku mbili hizo zinatosha kabisa kuiona mechi ya Jumapili ikiisha.

Matawi mengi yana mwenyekiti, yana mweka hazina, yana jezi na yana kundi la WhatsApp lenye kelele usiku kucha. Ni machache yaliyowahi kumtuma mtu kwa wakala akaulize bei ya kundi mwezi mmoja kabla ya robo fainali. Klabu zenyewe nazo huwa zinatangaza vifurushi vya safari timu ikishafuzu, yaani wakati bei imeshapanda. Simba na Yanga zina watu wa kutosha na majina makubwa ya kuzungumza na shirika lolote kabla ya hapo, na hazina sababu ya msingi ya kusubiri.

Kwa watu wa Korogwe kuna kingine cha kuangalia. Wengi wakisikia ndege wanawaza Dar tu: Segera, Chalinze, Mbezi, halafu foleni ya kwenda uwanja wa Julius Nyerere. Lakini Korogwe iko karibu katikati ya njia ya Dar na Moshi. Uwanja wa Kilimanjaro, KIA, una Ethiopian na Qatar zinazounganisha na dunia nzima. Bei za KIA na Dar kwa siku ileile hazifanani, wakati mwingine Dar ni nafuu na wakati mwingine KIA. Umbali kwa basi hautofautiani sana. Kuangalia zote mbili ni dakika kumi za bando.

Na upande wa Morocco vilevile. Waliokwenda kuiona Stars Fes na Rabat hawakulazimika kutua huko. Treni kutoka Casablanca inafika miji yote miwili. Aliyetafuta tiketi ya Rabat peke yake alijifungia mlango.

Fainali zijazo za AFCON, 2027, zinakuja Kenya, Uganda na Tanzania. Wapo waliokwishasema Kwashemshi kwamba sasa shida ya ndege imeisha, mpira unakuja mlangoni. Labda. Droo ikiipeleka timu anayoitaka mtu Kampala au Nairobi, basi la kupitia Namanga lipo na ndege ipo, na hapo atakuwa anashindania viti na wageni wa nchi zote zilizofuzu wenye dola mfukoni. Wao wataanza kununua siku ya droo.